TAKAMINE, BWANA ALIYEFUGA UKUNGU

Najua wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili wengi wao wameandika kuhusu mashujaa wa siasa na wa riadha, na hiyo ni haki yao. Mimi nimeonelea nikuletee maisha ya mwanakemia mmoja ambaye huenda hujawahi kulisikia jina lake, ingawa kwao ni mtu mashuhuri sana. Anaitwa Jokichi Takamine. Ni Mjapani aliyezaliwa mwaka wa 1854 na kuaga dunia mwaka wa 1922. Bwana huyu aliuchukua ukungu, yaani ile kuvu ambayo sisi tukiiona kwenye chakula tunakunja uso na kutupa, akaulisha, akaukuza, akaukamua, mpaka ukawa dawa ya tumbo iliyouzwa duniani kote.

Takamine alizaliwa katika mji wa Takaoka, na akiwa bado mtoto mchanga wazazi wake wakahamia Kanazawa. Baba yake alikuwa tabibu wa mtawala wa jimbo la Kaga. Mama yake alitoka katika ukoo wa wapishi wa sake, pombe ya Wajapani inayotengenezwa kwa mchele. Hapo msomaji nakuomba utie alama, maana huko kwa kina mama ndiko ilikokuwa mbegu ya mambo yote yaliyofuata. Mtoto akirithi udaktari wa baba na utengenezaji pombe wa mama, atakuwa nini? Basi atakuwa Takamine!

Wakati huo Japani ilikuwa ndiyo kwanza inafungua milango yake. Kwa zaidi ya miaka mia mbili wageni walikuwa wakiruhusiwa kwa shida sana, tena karibu wote katika bandari moja tu ya Nagasaki. Mwaka ule ule aliozaliwa Takamine ndipo Japani ilipotia sahihi mkataba na Wamarekani, meli zao za kivita zikiwa zimetia nanga pwani. Baba mtu alikuwa mwerevu. Aliona kwamba siku zijazo zitakuwa za wenye elimu ya kigeni, kwa hivyo mtoto alipofika umri wa miaka kumi na miwili hivi akampeleka Nagasaki kujifunza Kiingereza na sayansi. Hebu fikiria, umri wa mtoto wa darasa la sita, mbali na mama yake, anaishi na watu ambao hata chakula chao hakijui! Baadaye alisomea Kyoto na Osaka, kisha akaingia chuo cha uhandisi cha serikali huko Tokyo, akahitimu katika kemia mwaka wa 1879. Alikuwa katika kundi la kwanza la wahitimu wa chuo hicho. Serikali ikamtuma Uskoti, akasoma Glasgow kuanzia mwaka wa 1880 hadi 1883.

Kabla sijaendelea, sina budi kueleza habari za wanga, manake bila hiyo hutaelewa kwa nini mtu alikuja kuchomewa kiwanda.

Si unajua kwamba ugali, wali, viazi na mkate vyote vimejaa wanga? Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo glukosi, punje kwa punje zimeshikana mamia kwa maelfu. Mwili hauwezi kuumeza mnyororo mzima ukaingia kwenye damu. Lazima ukatwe. Vinavyoukata ni vimeng'enya, na kile cha wanga kinaitwa amilesi. Kimo katika mate yetu. Tafuna kipande cha ugali polepole bila kumeza, hesabu hadi mia moja, utauona unaanza kuwa mtamu. Hapa shuleni tulilifanya jaribio lile la mwalimu wa Biolojia: tukatia mate katika uji mwepesi wa wanga, tukawa tunachota tone moja kila baada ya dakika na kulitia iodini. Tone la kwanza likawa bluu iliyokaribia weusi. Lililofuata likapungua rangi, na la mwisho likabaki na rangi ya iodini yenyewe tu. Tulikuwa watu wanane kwa bomba moja la majaribio, ikabidi tupokezane kutazama, lakini kila mtu aliona.

Sasa, atengenezaye pombe ana shida iyo hiyo. Hamira hula sukari na kutoa kileo, lakini wanga haiuwezi. Wazungu walitatua shida hiyo kwa kimea. Walilowesha shayiri, wakaiacha ichipuke kwa siku kadhaa, kwa sababu mbegu inapochipuka hutengeneza amilesi ili mche upate chakula. Wakishaikausha na kuisaga wanaichanganya na nafaka nyingine, wanga unageuka sukari. Wala si Wazungu pekee. Shangazi yangu aliyeolewa Kakamega husema kwamba busaa bila kimea cha wimbi si busaa, ni uji uliolala. Kazi ya kimea chake ni ile ile ya shayiri.

Wajapani walikwenda njia nyingine kabisa. Tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wao huupika mchele kwa mvuke, wanauacha upoe, kisha wananyunyiza juu yake mbegu za ukungu mmoja ambao wanasayansi wanauita Aspergillus oryzae. Wanauweka chumba chenye joto. Baada ya siku mbili hivi mchele umevaa manyoya meupe na unanukia vizuri. Huo unaitwa koji. Ukungu hauna tumbo. Unatema vimeng'enya vyake nje, juu ya chakula, unakimeng'enya palepale kilipo na kunywa utamu wake. Mtengenezaji sake anauachia ukungu uteme, kisha anavitumia vile vimeng'enya kuugeuza mchele uliobaki uwe sukari. Takamine aliyajua haya toka utotoni. Alichokuja kufanya ni kuuliza kwa nini ujuzi huu ukae Japani peke yake.

Lakini kwanza kulikuwa na mapenzi. Mwaka wa 1884 serikali ilimtuma Marekani katika maonyesho makubwa ya pamba yaliyofanyika New Orleans. Huko akakutana na msichana wa Kimarekani, Caroline Hitch, wakachumbiana. Hakumwoa pale pale. Alirudi kwao, akajipanga, akarejea na kufunga naye ndoa mwaka wa 1887. Na fungate yao, eti wakaizuru viwanda vya mbolea! Maana katika yale maonyesho Takamine alikuwa ameyaona mawe ya fosfeti, akajua kwamba yangeweza kuwafaa wakulima wa Japani. Kweli aliporudi Tokyo alisaidia kuanzisha kampuni ya kwanza ya mbolea ya fosfeti nchini humo. Caroline akaishi naye huko, wakajaliwa wana wawili. Mimi nadhani mama huyu hajapewa heshima yake katika vitabu. Kuondoka kwenu enzi zile, kwenda nchi ambayo hujui lugha, ukaishi na kulea watoto, si mchezo.

Usiku Takamine alikuwa akiendelea na majaribio yake ya koji. Alitaka kujua kama ukungu unaweza kukua juu ya kitu rahisi kuliko mchele, akagundua kwamba unakua vizuri juu ya pumba za ngano. Pumba, msomaji! Yale makapi ambayo wenye vinu walikuwa wakiwapa ng'ombe. Tena kimea cha shayiri kilihitaji sakafu kubwa na siku nyingi, ilhali koji ya pumba ilikuwa tayari kwa siku mbili. Habari zikawafikia wakubwa wa viwanda vya wiski huko Marekani, ambao wakati huo walikuwa wameungana kuwa shirika moja kubwa. Wakamwita. Mwaka wa 1890 akafunga virago na familia yake, akaiacha kampuni ya mbolea mikononi mwa wenzake, akaenda Chicago na halafu Peoria, mji uliokuwa kitovu cha wiski.

Hapo ndipo mambo yalipochacha. Kama wiski ingetengenezwa kwa pumba zenye ukungu, wenye biashara ya kimea wangeuza nani? Walikuwa na majumba yao ya kuotesha shayiri, na wafanyakazi wao walikuwa na familia. Wakampinga. Kulikuwa pia na ile dharau ya kwamba Mjapani amekuja kuwafundisha kazi yao. Usiku mmoja mwaka wa 1891 kiwanda chake kikashika moto na kuteketea. Watu wengi waliamini kilichomwa kwa makusudi, lakini hakuna aliyewahi kupatikana na hatia, kwa hivyo nami sitamtaja mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba nawaelewa wale wa kimea zaidi kuliko nilivyotarajia. Mtu akikwambia kazi ya babu yako sasa itafanywa na kuvu, utampigia makofi?

Takamine hakukata tamaa, akaanza upya. Mwili nao ukamsaliti, ini likawa gonjwa sana, ikabidi akimbizwe Chicago kwa matibabu akiwa hoi. Akapona. Baadaye lile shirika la wiski likavurugika kwa matatizo yake lenyewe na kusambaratika, na ndoto ya wiski ya koji ikafa nalo. Jumlisha mwenyewe: miaka kadhaa ya kazi, kiwanda majivu, tajiri amefilisika, mke na watoto wawili ugenini. Mwingine angenunua tikiti ya meli arudi kwao.

Yeye aliketi akafikiri hivi. Ikiwa koji inakata wanga ndani ya pipa, kwa nini isiukate ndani ya tumbo la mtu? Wakati huo Wamarekani wengi walikuwa wakilalamikia tumbo kujaa na kutomeng'enya chakula, na madaktari walikuwa wakiwapa kimea kilichokamuliwa. Takamine akachukua pumba zake zenye ukungu, akazilowesha majini ili vimeng'enya vitoke, akayachuja yale maji, kisha akayatia kileo. Vimeng'enya haviyeyuki katika kileo kikali, basi vikatengana na maji na kuzama chini. Akavikusanya na kuvikausha vikawa unga mweupe. Ndivyo tu! Ukiisoma mara mbili unajiuliza kwa nini hakuna aliyefanya hivyo mapema. Aliomba hataza mwaka wa 1894 na akapewa Septemba mwaka huo huo, nayo ni miongoni mwa hataza za mwanzo kabisa Marekani za kimeng'enya kilichotoka kwa kiumbe kidogo kama ukungu. Dawa akaiita Taka-Diastase, ile Taka ikiwa ni kipande cha jina lake. Kampuni ya Parke, Davis ya Detroit ikaichukua na kuiuza, nayo ikanunuliwa sana. Soko la Japani hakuliuza kwao, alilibakiza kwa ajili ya nyumbani. Kampuni iliyoiingiza dawa hiyo huko, Sankyo, ilikua mpaka ikawa kubwa, na mwaka wa 1913 yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza.

Kwa walimu wangu wapenzi wa fasihi, nina zawadi ndogo. Mwandishi Natsume Soseki alianza mwaka wa 1905 kuchapisha riwaya inayosimuliwa na paka. Bwana mwenye paka huyo ni mwalimu mwenye tumbo bovu, na dawa anayoitumia ni hiyo hiyo Taka-Diastase. Dawa ikishaingia katika riwaya bila kuhitaji kuelezwa, ujue imeenea.

Pengine unashangaa kwa nini mimi, mwanafunzi wa kutwa kutoka Makueni, nimemshikilia Mjapani wa zamani. Nitakwambia. Kwetu neno ukungu ni neno la msiba. Mwaka wa 2004, kabla sijazaliwa, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na watu 125 wakafa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Nyanya yangu hadi leo hunusa kila kopo la mahindi kabla halijaenda kisiagioni. Mwaka jana tulimwaga gunia zima na nusu kwenye shimo, baba akafukia kimya kimya, na jioni hiyo hakuna aliyesema neno mezani. Ukungu ule unaitwa Aspergillus flavus. Sasa sikiliza: ukungu wa Takamine, Aspergillus oryzae, ni ndugu yake wa damu. Wanasayansi wanaona kwamba ndio ule ule wa porini uliofugwa na watu kwa karne nyingi, kama mbwa alivyotokana na mbwa mwitu, mpaka ukapoteza uwezo wa kutengeneza sumu. Chembechembe za urithi za kutengenezea sumu bado umebaki nazo, ila hazifanyi kazi. Mimi nilipoyasoma hayo nilikaa kitako. Ndugu mmoja anaua watu Makueni, mwingine anaponya tumbo la mwalimu wa Tokyo. Usinielewe vibaya, hii si ruhusa ya kula mahindi yaliyoota! Huwezi kuwatofautisha kwa macho, na kupika hakuiondoi sumu.

Tuendelee. Mwaka wa 1897 Takamine alihamia New York, na mwaka wa 1900 katika maabara yake ndogo kukafanyika jambo lililompa sifa kubwa zaidi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Watu walijua kwamba maji ya tezi hiyo yanapandisha shinikizo la damu na kukausha jeraha, lakini hakuna aliyeweza kuipata ile kitu yenyewe ikiwa safi. Profesa John Abel wa Baltimore alikuwa ameikaribia sana. Takamine alinunua tezi za ng'ombe na kondoo kutoka machinjioni, akamkabidhi kazi msaidizi wake kijana, Keizo Uenaka, aliyekuwa amefika kutoka Japani mwaka huo. Mwezi wa Julai, Uenaka akaona fuwele. Hiyo ndiyo adrenalini, homoni ya kwanza kutengwa ikiwa fuwele, ambayo hata leo daktari huitumia moyo wa mgonjwa ukisimama au mtu akivimba koo kwa kuumwa na nyuki.

Hapa lazima niseme ukweli wangu, hata kama nampenda huyu mzee. Hataza ilitoka kwa jina la Takamine peke yake. Daftari la maabara la Uenaka lipo, limeandikwa siku baada ya siku, na linaonyesha mikono iliyofanya kazi ni ya nani. Ni kweli fedha, maabara na wazo vilikuwa vya Takamine. Lakini sisi tunaofua makoti ya maabara ya wengine tunajua uchungu wake. Abel naye aliumia, na kuna watu mpaka leo wanagombana juu ya nani wa kwanza. Kesi ya hataza yenyewe ilifika mahakamani, na mwaka wa 1911 jaji Learned Hand akaamua kwamba hataza ni halali.

Kwa fedha za dawa hizi mbili Takamine akawa tajiri kwelikweli. Alikuwa na nyumba ya fahari New York, akasaidia kuanzisha klabu ya Wajapani mjini humo mwaka wa 1905, na alikuwa mmoja wa waliotoa fedha na kuhangaikia miti ya maua ya micheri iliyopelekwa Washington. Shehena ya kwanza ya miti 2,000 ilifika mwaka wa 1910 ikiwa na wadudu na magonjwa, ikachomwa moto yote. Basi ikatumwa nyingine, miti 3,020, na mwaka wa 1912 mke wa rais, Helen Taft, akapanda mche wa kwanza. Watu humiminika kila majira ya machipuko kuyatazama maua ya micheri huko. Nyumbani Japani aliwasihi viongozi na matajiri mwaka wa 1913 waanzishe taasisi kubwa ya utafiti. Taasisi hiyo, RIKEN, ikaanzishwa mwaka wa 1917, na bado ipo. Mojawapo ya vimeng'enya vya ukungu wake kiliitwa Taka-amilesi kwa heshima yake, na vimeng'enya vya jamii hiyo hutiwa katika unga wa kuokea mikate viwandani. Mwaka wa 2006 chama cha wataalamu wa pombe wa Japani kiliitangaza koji kuwa kuvu ya taifa. Sisi tuna mnyama wa taifa, wao wana kuvu!

Kuna jambo moja alilolikosa. Aliishi Marekani miaka zaidi ya thelathini, akaoa huko, akalea huko, akalipa kodi huko, akawapa miti ya kupamba mji wao mkuu. Uraia hakuweza kupata. Sheria ya wakati huo iliruhusu mgeni kuwa raia ikiwa ni mweupe, na tangu mwaka wa 1870 ikiwa ana asili ya Afrika. Mjapani hakuwa huku wala kule. Takamine alifariki New York tarehe 22 Julai 1922 akiwa bado mgeni kisheria, akazikwa katika makaburi ya Woodlawn. Miezi minne baadaye, Novemba, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya Mjapani mwingine, Takao Ozawa, aliyekuwa ameishi na kusoma huko kwa miaka mingi na kuomba uraia. Ikasema hastahili. Kizuizi hicho cha rangi kiliondolewa katika sheria mwaka wa 1952.